Kodiani na Mayai ya Ijumaa

Naapa kwa ngoma zangu, kwa matoazi yake, na kwa meno yote niliyobakiwa nayo, kwamba haya ninayoyasimulia ni kweli tupu na hayakutiwa chumvi hata punje. Mimi ndiye mpiga ngoma wa klabu ya kodiani ya Langhaugh, mji mdogo wa Uskoti. Nimekaa nyuma ya watu hawa miaka na miaka, na hakuna ninachokijua duniani kama visogo vyao. Atakayeninasa kwa neno moja la uongo, nitaosha vyombo vya klabu msimu mzima, pamoja na sahani za pai, zile ambazo mafuta yake hayatoki ila kwa maji ya moto na maombi.

Basi alikuwako Dod Turnbull. Dod alifuma sufu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na hakuwahi kuoa. Kitu pekee alichokikumbatia maishani ni kodiani yake nyeusi, na aliikumbatia kiasi kwamba ukimwona amekaa bila hiyo ungedhani amekatwa kiungo.

Klabu hukutana Jumanne moja ya kila mwezi, tangu majani yanapoanza kupukutika mpaka kondoo wanapozaa, katika ukumbi wa nyuma wa hoteli. Ina utaratibu wake ambao haukuandikwa popote. Wanaojifunza hutangulia. Wa katikati hufuata. Anayeitwa mwisho, kabla ya chai na pai, huyo ndiye bingwa, ingawa hakuna anayelitamka neno hilo. Kwa muda mrefu kuliko umri wa zulia la ukumbi ule, wa mwisho alikuwa Dod.

Na kila alipopiga, kwenye piano alikaa Netta Laidlaw. Netta ni mjane, aliyestaafu kupika chakula cha wanafunzi, mwenye mikono inayoweza kubeba sufuria la viazi na bado ikagusa piano kama inampapasa paka. Kodiani bila piano ni mtu anayejisemea peke yake barabarani. Dod hakuwahi kumwambia Netta anahamia wimbo gani. Bega lake la kushoto lilikuwa likishuka kidogo tu, na Netta ameshafika huko, anamngoja. Klabu ikiisha, Dod alimrudisha kwake kwa gari lake la mizigo lenye ekzosi iliyotoboka, wakizungumza habari za mvua. Lilikuwapo jambo jingine ambalo Dod alitaka kulisema. Lilimfika kooni kila mwezi, likakaa hapo mpaka mlango wa Netta, kisha likarudi tumboni.

Ndipo akahamia mjini kwetu Ewan Geddes.

Geddes alikuwa daktari wa mifugo kutoka kaskazini, mstaafu, amefiwa na mkewe. Alikuja na mbwa wa kuchungia kondoo aitwaye Moss, asiyebanduka miguuni pake, na kodiani nyekundu ya Kiitaliano iliyong'aa kiasi kwamba mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Jumanne yake ya kwanza alimwomba Netta amsindikize kwa piano. Alipofika katikati ya wimbo wa pili akateleza, akaangukia sauti isiyokuwapo. Netta akacheka. Alicheka hasa, kichwa nyuma, mikono ikiendelea na kazi.

Dod alikuwa amesimama karibu na meza ya chai, na aliuona ule mdomo ukifunguka. Miaka yote hiyo Netta hajamchekea akiwa kwenye piano hata mara moja. Yeye alidhani piano ni kazi ya watu walionuna. Kijiba cha roho kikamkaa hapo hapo, chini kidogo ya mkanda wa kodiani, na maziwa yaliyokuwa kwenye jagi alilolikodolea macho yakaganda. Niliyaona mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye ikatokea kubwa zaidi. Mwenyekiti alisimama, akamwita Dod, Dod akapiga, akapigiwa makofi, akaanza kufunga kodiani yake. Kisha mwenyekiti akamwita Geddes. Geddes akawa wa mwisho kabla ya pai. Dod alikula pai lake akidai limepoa, na huku ulimi unamuungua.

"Wat," akaniambia, "yule daktari anatibu nini kwa Netta? Netta hana ng'ombe."

Nikamjibu kwamba labda piano yake ina minyoo. Hakufurahi.

Alikuwa amesikia kwamba kila Ijumaa mchana Netta huenda nyumbani kwa Geddes. Sasa nyumba ya Geddes iko kwenye barabara isiyokwenda popote ila kwenye shamba la mama mmoja auzaye mayai. Dod akaanza kupenda mayai. Kila Ijumaa alipita pale akienda kununua, akapita tena akirudi, na kama hakutosheka alijikumbusha kwamba trei moja halitoshi mtu mzima. Kila alipopita aliliona gari la Netta limeegeshwa uani. Palikuwa na gari jingine dogo la kijani pembeni yake, lakini mwenye wivu huona gari moja tu. Na kilichomchoma zaidi ni hiki: akiwa mbali, dirisha likiwa wazi, alisikia kodiani na piano. Akikaribia, kimya. Akishapita, vinaanza tena.

Watu wanaonyamaza ukipita wana jambo lao. Dod alilitafuna hilo wiki nzima pamoja na mayai. Alikula ya kuchemsha, ya kukaanga, ya kuvuruga. Aliwagawia majirani mpaka wakaanza kuzima taa wakimwona. Alipompelekea Netta trei, Netta alimuuliza kama siku hizi anaishi na mtu mwingine. Dod akarudi nyumbani amevimba, maana swali lile alitaka kuliuliza yeye.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tulipokwenda Port Ennick kwenye tamasha.

Tamasha la Port Ennick hufanyika mwezi wa pili, wakati kambi ile ya mapumziko ya baharini haina mgeni mwingine awaye yote, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda kupumzika kwenye upepo ule. Wapiga kodiani huenda. Huhamia huko tangu Ijumaa hadi Jumatatu, kila mtu na kibanda chake cha mbao, wanapiga tangu kifungua kinywa. Utamkuta mtu kwenye foleni ya uji na kodiani kifuani, bakuli juu ya kodiani. Upepo wa mwaka ule ulikuwa mkali kiasi kwamba ukiacha mlango wazi unaivuta mivukuto ya kodiani na kupiga wenyewe, na kodiani moja ya mgeni kutoka Perth ilipigwa na upepo nyimbo mbili kamili, ikapata makofi. Wenye mbwa walipewa safu yao, nyuma ya jengo la dobi, ili wabwekeane huko wenyewe. Sisi wengine wa Langhaugh tulipangwa mbele, tunaitazama bahari, ukuta kati ya kibanda na kibanda mwembamba kama biskuti.

Kilele cha tamasha ni Jumamosi alasiri, nyimbo mpya zinapotolewa. Na hapa lazima ieleweke desturi yetu. Kwetu mtu akitunga wimbo haupi jina la mapenzi wala la mvua. Huupa jina la mtu. Mwenye jina hafahamishwi mpaka siku wimbo unapopigwa, na hapo husimama na kupigiwa makofi. Tangu siku hiyo mtu huyo hafi kabisa, maana hata akizikwa watu wataendelea kumcheza sakafuni.

Jumamosi asubuhi, kwenye uji, Dod alisikia meza ya jirani ikisema kwamba Geddes ana wolzi mpya, wimbo wa kudansi kwa hatua tatu tatu. Akageuka. Netta alikuwa anamnong'oneza Geddes kitu, na alipomwona Dod anatazama akanyamaza, akaanza kuukoroga uji ambao alikuwa ameshaumaliza.

Moyo wa Dod ukamlipuka. Ijumaa zote zikapangika kichwani mwake. Mtu amekuja juzi, na mbwa wake na kodiani yake nyekundu, na leo atasimama mbele ya kodiani zote za nchi hii aseme wolzi hii ni ya Netta Laidlaw. Na Netta atasimama. Na yeye, Dod, aliyekaa naye bega kwa bega miaka yote hiyo, hajawahi kumtungia hata sauti mbili zinazofuatana. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na hakuwa na wa kumlaumu ila kisogo chake mwenyewe.

Akaapa atamtangulia. Alijifungia kibandani na kodiani, akatunga. Kila alichotunga kilikuja rahisi ajabu, na kila kilichokuja kilikuwa cha mtu mwingine. Kimoja alikifurahia sana hata akatoka nacho nje akikiimba puani, na mwanamke aliyekuwa anaanika taulo akakidaka na kumalizia sehemu ya pili, maana babu yake alikicheza harusini. Hadi saa ya chakula cha mchana Dod alikuwa ametunga upya nusu ya nyimbo za Uskoti.

Akala nyama ya kusaga na viazi, akarudi, akajilaza kitandani amekata tamaa. Upepo unavuma, macho yanamfumba. Na hapo, kati ya kulala na kuamka, ukamjia. Ulikuja kama mluzi, polepole, hatua tatu tatu, ukapanda mahali ambapo wimbo mwingine wowote ungeshuka, kisha ukageuka na kurudi nyumbani. Ukamjia tena, na tena, kama mtu anayemfundisha mtoto. Dod alikurupuka machozi yakimlengalenga, akaivaa kodiani, vidole vikaenda vyenyewe. Hakuwa ameusikia popote. Ulikuwa wake.

Maskini wa Mungu. Ulikuwa unatoka upande wa pili wa ukuta. Ni Geddes, jirani yake, aliyekuwa anajizoeza wolzi yake kwa kodiani, kwa sauti ya chini sana, chini kiasi kwamba ilisikika kama mluzi.

Alasiri ukumbi ulifurika. Netta alikaa kwenye piano akiwasindikiza wa Langhaugh, nami nyuma kwenye ngoma. Geddes alikaa safu ya mbele, Moss chini ya kiti. Dod alimwendea mwenyekiti, akamsihi aitwe kabla ya Geddes. Mwenyekiti akashangaa, kwa kuwa hajawahi kumwona Dod, aliyezoea kuwa wa mwisho, akiomba kuitwa mapema. Akamkubalia.

Dod akakaa, akakaza mikanda, akavuta kipaza sauti.

"Hii ni wolzi. Nimeitunga mwenyewe mchana huu. Inaitwa Netta Laidlaw wa Langhaugh."

Netta akainuka nusu, kama desturi inavyotaka, watu wakampigia makofi, akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Dod aliyaona, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziwa akapumua vizuri. Akampiga Geddes jicho la pembeni, akaanza.

Kwa sauti ya kwanza mikono ya Netta iliganda juu ya piano. Kisha ikashuka. Na ilivyoshuka! Dod hakuwa amemwambia lolote, wala bega hakushusha, lakini Netta alikuwa naye kila hatua. Dod akajaa. Tazama, akajisemea, huyu na mimi tuna damu moja, wimbo nimeuota leo naye anaujua. Wakaingia sehemu ya pili, pale pagumu, pale wimbo unapopanda badala ya kushuka. Netta akapanda kwanza. Alimtangulia.

Hapo kijiba kikaamka. Mtu anaweza kukufuata mpaka ndotoni, lakini akutangulie?

Akamtazama. Netta alikuwa anazitazama funguo za piano, midomo ameibana, mabega yanamtikisika. Dod akageuza macho ukumbini, na ndipo alipomwona Moss. Mbwa alikuwa amesimama, masikio juu, mkia unapepea. Mbwa yule hajawahi kuujali wimbo wowote. Akatoka chini ya kiti, akapanda ngazi za jukwaa kwa utaratibu kama anayerudi kwao, akajilaza juu ya kiatu cha Dod, akafumba macho. Ndivyo alivyozoea kulala kila Ijumaa wolzi ile ilipopigwa.

Dod aliimaliza. Sijui kwa nguvu gani. Makofi yalitikisa madirisha, naye akashuka jukwaani kama mtu anayetoka mahakamani, akaenda kusimama mlangoni, karibu na upepo, mbwa nyuma yake.

Mwenyekiti akamwita Geddes. Geddes akapanda mikono mitupu.

"Sina cha kupiga," akasema. "Wolzi yangu imeshapigwa, na imepigwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Mbwa wangu ni shahidi. Ilikuwa na jina jingine tu." Akamtafuta kwa macho mpaka mlangoni. "Niliiita Dod Turnbull. Nilipofika Langhaugh nilikuwa sivumilii muziki tena, tangu mke wangu afe. Kodiani yako ndiyo ya kwanza niliyoweza kuisikiliza mpaka mwisho. Sasa simama, bwana, ndiyo desturi."

Dod alikuwa amesimama tayari, na alitamani sakafu immeze. Alikuwa ameuiba wimbo aliotungiwa mwenyewe. Kicheko kilianzia safu ya mbele, kikapita ukumbi mzima, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaokupenda, na hicho huuma zaidi. Ule wivu alioulisha mayai miezi mizima ukamfia mikononi, naye hakujua pa kuuweka.

Ukumbi ulipotoka kwenda chai alimwendea Netta, aliyekuwa bado kwenye piano. Nilikuwa nafungua toazi langu, na toazi lile lilikataa kufunguka mpaka wamalize.

"Ijumaa zote zile," Dod akasema.

"Ijumaa zote zile nilikuwa najifunza wimbo wako, mjinga wewe. Ekzosi yako ikisikika tunanyamaza, usije ukausikia."

"Lakini ulikuwa unamchekea, Netta. Tangu siku ya kwanza."

"Kwa sababu anakosea. Wewe hukosei, Dod. Miaka yote hii natafuta pa kuchekea sipaoni."

Dod akakaa juu ya sanduku la kodiani. Lile jambo la miaka yote likampanda kooni. Nilidhani litarudi chini kama kawaida yake.

"Nitakosea," akasema.

Netta akafunika piano. Akamuuliza kama gari lina nafasi Jumatatu, au limejaa mayai. Dod akasema mayai atayatupa baharini.

Wolzi ile sasa inaitwa Netta na Dod, kwa ruhusa ya Geddes. Geddes ndiye anayeitwa mwisho kabla ya pai, na Dod hasemi kitu, kwa kuwa kila Jumanne ya klabu hukosea mahali pamoja, makusudi, na Netta hutupa kichwa nyuma akacheka.

Hivi ndivyo nilivyowasimulia wageni wa klabu juzi, wakati wa chai, na nilikuwa nimeshaanza kuinama nipokee makofi. Netta akaliweka birika mezani.

"Wat. Umesema wenye mbwa walikuwa nyuma ya jengo la dobi."

Nikasema ndiyo, ni kweli tupu.

"Na umesema Geddes alikuwa ukutani kwa Dod. Mtu mmoja na mbwa wake watalalaje pande mbili za kambi? Nani alikuwa kwenye kibanda cha pili?"

Nikasema umri huu kumbukumbu hupotea. Dod akaliacha pai lake. Sijawahi kumwona Dod akiacha pai.

"Ni wewe," akasema polepole. "Na lile gari la kijani la Ijumaa ni lako. Ulikuwa unawapigia ngoma. Na kodiani haipigi mluzi, Wat."

Nikaeleza kwamba mchana ule nilikuwa nanyoa ndevu, na mtu anayenyoa hupiga mluzi bila kujua, hata mara nyingi mfululizo, hata mdomo ukiwa karibu na ukuta. Geddes akazitazama ndevu zangu, ambazo zinafika kifungo cha pili cha shati tangu nistaafu. Wageni ndio waliosema, tena kwa sauti, kwamba nilikuwa nimeapa kwa meno.

Kwa hiyo niko jikoni. Maji ya moto yapo, maombi nimeyamaliza, mafuta hayatoki. Sehemu ya pili ya jioni imeanza bila mimi, na kutoka ukumbini naisikia ile wolzi inapanda pale pagumu. Kuna mtu amekaa kwenye ngoma zangu. Kwa mapigo yale mazito ya kugonga kama anampima ng'ombe kifua, ni Geddes. Amekosea. Nasikia Netta anacheka, na ni ngoma zangu, na sahani hii nimeisugua mpaka ua lake limefutika.